Jirani Aliyechelewa: Urafiki wa Wanawake katika Trifles ya Susan Glaspell

Tamthilia nyingi zinazosifiwa kwa kuuchora urafiki wa wanawake hutuwekea mashoga wawili jukwaani. Hucheka pamoja, hunong'onezana siri, hukosana kwa sababu ya mwanamume, kisha hupatana kabla pazia halijashuka. Trifles, tamthilia ya Mmarekani Susan Glaspell iliyoigizwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1916, haikupita njia hiyo. Mwanamke ambaye urafiki wote wa mchezo huu unamhusu haonekani jukwaani hata mara moja, kwa kuwa yuko rumande mjini. Wanawake wawili wanaoingia jikoni mwake wanajuana kwa mbali tu, na mmoja wao hakupata kumjua mwenye jiko. Mchezo ni wa onyesho moja na hauzidi sana nusu saa. Hata hivyo, unapokwisha, wanawake hao watatu wamefungamana kwa kifungo ambacho sheria ingekiita jinai.

Makala haya yanaufuata urafiki huo tangu chanzo chake katika kumbukumbu za mahakama hadi mstari wa mwisho wa mchezo. Dai langu ni kwamba Glaspell aliuona urafiki wa wanawake kama deni: jambo ambalo jirani humwia jirani kabla hata ya kupendana naye, na ambalo lisipolipwa kwa wakati wake huja kulipwa kwa gharama kubwa. Ili kuliona hilo, hatuna budi kuanza na mauaji ya kweli.

Shamba la Hossack

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1900, katika Kaunti ya Warren, jimbo la Iowa, mkulima John Hossack mwenye umri wa miaka 59 alipigwa shoka kichwani mara mbili akiwa amelala kitandani. Alifariki siku iliyofuata. Mkewe, Margaret, alikuwa amelala ubavuni pake. Alieleza kwamba aliamshwa na mshindo kama wa mbao mbili zinazogonganishwa, na kwamba hakumtambua mtu yeyote. Siku chache baadaye, mara tu baada ya maziko ya mumewe, alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji.

Gazeti la Des Moines Daily News lilimkabidhi kesi hiyo mwandishi kijana wa kike. Susan Glaspell alikuwa amezaliwa Davenport, Iowa, mwaka 1876, na alikuwa ametoka kuhitimu Chuo Kikuu cha Drake mwaka 1899. Tangu Desemba 1900 hadi Aprili 1901 aliandika habari 26 juu ya mkasa huo. Habari za mwanzo zinafanana na magazeti ya wakati ule: mshtakiwa anachorwa kama mwanamke mwenye nguvu nyingi na moyo mgumu, asiyetikisika mbele ya maiti ya mumewe. Baadaye sauti inageuka. Mwanamke yuleyule anaanza kuonekana mzee, aliyechoka, mama wa watoto wengi. Mtafiti Linda Ben-Zvi, aliyezirudisha ripoti hizo mbele ya wasomaji wa siku zetu, anaunganisha badiliko hilo na ziara ya Glaspell kwenye nyumba ya Hossack. Glaspell mwenyewe alikuja kuandika kwamba hakusahau siku alipoingia kikazi jikoni mwa mwanamke aliyekuwa amefungwa mjini.

Kesi ilisikilizwa Aprili 1901. Juri ilikuwa ya wanaume watupu, kwa kuwa wanawake wa Iowa hawakuwa na ruhusa ya kuketi katika juri wala ya kumchagua mbunge wao. Majirani walipanda kizimbani wakaeleza kwamba ugomvi wa ndoa ile haukuwa siri kwao. Margaret alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Mwaka 1902 Mahakama ya Juu ya Iowa iliitengua hukumu hiyo. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1903, wanajuri 9 walitaka kumtia hatiani na 3 wakakataa, na kwa kuwa juri haikukubaliana, Margaret akaachiliwa. Mauaji yale hayakupata mwenyewe hadi leo.

Katika ripoti za Glaspell kuna jambo moja ambalo msomaji wa tamthilia yake hana budi kulishika. Mke wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, aliketi karibu na mshtakiwa mahakamani na mara kwa mara alionekana akijifuta machozi. Mumewe ndiye aliyekuwa na funguo za rumande. Miaka kumi na mitano baadaye mwanamke wa namna hiyo akapanda jukwaani.

Kutoka mahakamani hadi jukwaani

Baada ya kesi ile Glaspell aliacha kazi ya gazeti akaanza kuandika hadithi. Mwaka 1913 aliolewa na George Cram Cook, na wakawa wanakaa msimu wa joto Provincetown, mji wa wavuvi katika jimbo la Massachusetts. Huko, wao na marafiki zao waligeuza banda la samaki lililokuwa gatini kuwa ukumbi mdogo wa maigizo. Gati lenyewe lilikuwa mali ya mwandishi Mary Heaton Vorse. Msimu wa mwaka 1916 ndio ulioonyesha kwa mara ya kwanza mchezo wa Eugene O'Neill. Cook alimhimiza mkewe naye aandike mchezo. Glaspell anasimulia kwamba alikwenda kuketi peke yake mbele ya jukwaa tupu, akalitazama hadi likageuka jiko. Aliandika kwa muda wa siku kumi hivi. Mchezo ulipoigizwa, yeye mwenyewe alicheza kama Bi Hale, na Cook akacheza kama Bwana Hale.

Inafaa pia kukumbuka alikuwa akiishi na watu gani. Mjini New York kulikuwa na chama cha wanawake kiitwacho Heterodoxy, kilichoanzishwa mwaka 1912 na Marie Jenney Howe. Wanachama wake walikuwa waandishi, mawakili, madaktari na wapigania haki ya kura, wakikutana kula na kujadiliana bila kuchunga ulimi. Glaspell alikuwa mmoja wao. Basi aliyeuandika upweke wa mwanamke wa shambani aliuandika akiwa amezungukwa na wanawake wenziwe. Nadhani ndiyo sababu aliweza kupima kwa usahihi kile ambacho Minnie wa tamthilia yake alikikosa.

Alichokibadilisha

Mwanahistoria anayeilinganisha tamthilia na kumbukumbu za mahakama ataona kwamba Glaspell hakuinakili kesi. Shoka limekuwa kamba: John Wright wa jukwaani amenyongwa kitandani, ilhali ndani ya nyumba mlikuwa na bunduki. Margaret Hossack alikuwa na watoto tisa walio hai, na baadhi yao walikuwa nyumbani usiku ule. Minnie Wright hana hata mmoja. Ndoa ya Hossack ilijulikana kwa kelele zake. Ndoa ya Wright ni ya kimya. Bwana Wright halewi, hutimiza ahadi, hulipa madeni yake, na ni mtu ambaye kumpitia tu njiani kunamtia mwenziwe baridi. Hata simu hataki iingie nyumbani mwake, ingawa jirani yake Hale alikuja asubuhi ya mkasa kumshawishi washirikiane kuivuta.

Badiliko kubwa kuliko yote linawahusu majirani. Katika kesi ya kweli majirani walijua, waliingilia kati, na hatimaye walitoa ushahidi. Katika tamthilia hakuna aliyekwenda. Bi Hale anakaa karibu kabisa, na kwa zaidi ya mwaka mzima hajatia mguu katika nyumba ile. Si kwamba waligombana. Nyumba ilikuwa bondeni, barabara haikuonekana, na mahali penyewe hapakuwa na furaha, ndiyo maana hakwenda.

Tukiyaweka mabadiliko haya pamoja, nia ya mwandishi inajitokeza. Amewaondoa watoto, ameiondoa simu, amewaondoa wageni, hadi Minnie amebaki na kiumbe kimoja tu cha kumtolea sauti: ndege wa kufugwa aitwaye kanari, wa jamii ya chiriku wetu. Ndege huyu hakuwamo katika kesi ya Hossack. Glaspell alimtia ili tuone nafasi ya shoga ilijazwa na nini baada ya kuachwa wazi.

Jiko linavyosomwa

Mchezo unaanza wanaume watatu wakiingia: mwendesha mashtaka Henderson, Sherifu Peters na Bwana Hale. Nyuma yao wanakuja wake wawili, Bi Peters na Bi Hale, waliokuja kumchukulia mfungwa nguo zake. Wanaume wanatafuta sababu ya mauaji, kwani bila sababu juri haitaridhika. Wanalitazama jiko, hawaoni cha maana, wanapanda chumbani, kisha wanatoka kwenda bandani. Wakati wote huo ushahidi wanaoutafuta uko palepale walipopapita.

Taulo ni chafu. Meza imefutwa nusu. Mkate uko nje ya kopo lake. Chupa za matunda aliyoyahifadhi mwenye nyumba zimepasuka kwa baridi, imesalia moja tu ya cheri. Mwendesha mashtaka anaona uchafu na kumtia dosari mwenye nyumba. Bi Hale anaona kazi iliyokatizwa, maana anajua mtu haachi meza nusu isipokuwa jambo limemfika. Bwana Hale anatamka kwa wepesi kwamba wanawake wamezoea kujihangaisha kwa mambo madogo, na hapo ndipo jina la tamthilia linapochomoza.

Kisha wanaliona blanketi la viraka ambalo Minnie alikuwa akilishona. Mishono yote imepangika sawasawa, isipokuwa katika kiraka kimoja cha mwisho, ambapo uzi umekwenda huku na huku kama wa mtu aliyetetemeka. Wanaitazama, wanatazamana. Pasipo kusema neno, Bi Hale anafumua mishono ile na kuanza kuishona upya. Hilo ndilo tendo la kwanza la urafiki katika mchezo huu, na papo hapo ni tendo la kwanza la kuharibu ushahidi. Mwandishi hakutupa nafasi ya kuyatenganisha mawili hayo.

Baadaye wanaona tundu la ndege ambalo bawaba ya mlango wake imevunjwa. Hatimaye, katika kijisanduku kizuri walimodhani mna mkasi, wanamkuta chiriku amezungushiwa kitambaa cha hariri, na shingo yake imenyongwa. Sababu ya mauaji imepatikana, na waliyoipata ni wale walioachwa jikoni kwa kuwa hawana kazi.

Mhakiki Annette Kolodny, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu hadithi fupi ambayo Glaspell aliitoa kwenye mchezo huu mwaka 1917, alionyesha kwamba kiini chake ni usomaji: nani anaweza kusoma alama za maisha ya nani. Nakubaliana naye, nami ningeongeza kwamba usomaji huu una masharti. Bi Hale anaisoma mishono kwa sababu naye hushona. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa wawili wamelala kwenye vitanda vya namna moja na kile cha Minnie, kwa hiyo kunguni hawahitaji kuonyeshwa.

Bi Peters na kimya chake

Ingekuwa rahisi kwa mwandishi kuwafanya wanawake hawa marafiki tangu mwanzo. Hakufanya hivyo. Bi Peters ni mgeni katika sehemu ile, hakumjua Minnie alipokuwa msichana, na anaanza mchezo akiitetea sheria. Bi Hale akikasirika kwa kuona wanaume wanapekua jiko la mtu asiyekuwepo, yeye humkumbusha kwamba wanatimiza wajibu wao. Wanawake hawa hawaitani kwa majina yao ya kuzaliwa. Ni Bi huyu na Bi yule, kila mmoja akiwa amevaa jina la mumewe kama koti.

Kinachomgeuza Bi Peters ni kumbukumbu mbili. Ya kwanza inamjia baada ya kumwona ndege aliyekufa. Utotoni alikuwa na mtoto wa paka, na mvulana mmoja akamuua kwa shoka mbele ya macho yake. Kama wasingemshika, anasema, naye angemdhuru yule mvulana. Hapo anaikatiza sentensi yake. Ya pili ni ya ukubwani. Yeye na mumewe walipokwenda kufungua shamba Dakota, mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa na umri wa miaka miwili, naye akabaki peke yake katika nyumba isiyo na sauti. Anaijua hasira ya Minnie, na anakijua kimya chake. Kumjua Minnie mwenyewe hakukuhitajika.

Tazameni shoka lile katika mkono wa mvulana. Silaha ya kesi ya Hossack, iliyoondolewa kwenye mauaji ya John Wright, imerudi katika kumbukumbu ya mke wa sherifu. Sina njia ya kuthibitisha kwamba Glaspell alikusudia hivyo, lakini kifaa kilichomuua Hossack kimeishia katika kisa cha mtoto wa kike aliyeonewa.

Jirani, na deni la jirani

Bi Hale ndiye mwenye mzigo mzito. Alimjua Minnie Foster kabla hajawa Bi Wright, binti mchangamfu aliyevaa nguo nyeupe yenye riboni za buluu na kuimba katika kwaya. Kila anapoligusa jambo la kufurahisha katika maisha ya mfungwa, humtaja kwa jina lake la usichana. Msikilizaji wa pwani yetu ataliona jambo hili kwa jicho la pekee, kwani kwa desturi ya Waswahili mwanamke akiolewa hubaki na jina la babake: angeitwa Minnie binti Foster hadi kaburini. Glaspell alihitaji majina mawili ili kuonyesha watu wawili, aliyeimba na aliyenyamaza. Mwenye kutafsiri mchezo huu kwa Kiswahili atalazimika kuulinda mpaka huo, na lugha haitamsaidia sana.

Ujumbe mkali kuliko wote wa tamthilia umewekwa kinywani mwa Bi Hale anapokiri, kwa maneno yenye uchungu, kwamba kutokuja kumtembelea Minnie kulikuwa kosa la jinai, kisha akauliza ni nani atakayeliadhibu. Wanaume wako juu wanatafuta kosa moja. Chini, mwanamke amejishtaki kwa jingine ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria.

Neno letu jirani linastahili kutajwa hapa. Limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni wingi: mmoja ni *jar*, na wengi ndio *jiran*. Kiswahili kililipokea likiwa tayari na watu wengi ndani yake, kikalifanya la mtu mmoja. Yaani anayesema "jirani yangu" anatamka, pasipo kujua, jamii nzima. Minnie hakuwa na hata mmoja. Nasi tunao msemo kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Glaspell angekubaliana nao, kisha angetuuliza: dhiki inaanza lini? Je, ni siku ya kukamatwa, au ni katika ile miaka yote ambapo mlango haukubishwa hodi?

Wapenda lugha watakumbuka kwamba Kiswahili kina msamiati mpana wa urafiki wa kike. Kuna *shoga*, ambalo wanawake wa pwani wameitana kwa karne nyingi kabla ya maana yake nyingine ya mitaani kulisongamanisha. Kuna *somo*, aliye msiri na mlezi. Kuna *mwandani*, anayejua yaliyomo ndani. Kila neno linadai kukaa pamoja, kuzoeana, kuambiana. Uhusiano wa wanawake hawa watatu hauna sifa hizo, na bado hakuna anayetoka ukumbini akiwa na shaka kwamba ameona urafiki. Pengine neno linalowafaa zaidi ni *mwenzi*: mtu wa hali moja nami, awe ananijua ama hanijui.

Vijimambo na fundo

Je, jina Trifles lingekuwaje kwa Kiswahili? "Mambo madogo" ni sahihi, lakini halina dharau. "Upuuzi" lina dharau kupita kiasi. Mimi ningechagua *Vijimambo*. Viambishi vya udogo katika lugha yetu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hupunguza ukubwa wa kitu na hupunguza heshima yake. Kijitu si mtu mfupi tu, ni mtu asiyehesabiwa. Bwana Hale anafanya hivyohivyo: kwa neno moja anaidunisha kazi ya mke wake na anamdunisha mwenye kuifanya. Isitoshe, vijimambo kwetu ni pia habari za pembeni, zile zinazozungumzwa wanawake wakiwa peke yao. Na ndimo kweli ilimofichwa.

Kuna mahali pengine ambapo Kiswahili kingeupa mchezo huu makali zaidi. Mwendesha mashtaka, kwa mzaha, anamwambia Bi Peters kwamba mke wa sherifu ni kana kwamba ameolewa na sheria. Katika lugha ya mwandishi, mume na mke hutumia kitenzi kimoja. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe ni cha kutendwa. "Ameolewa na sheria" kwa Kiswahili kingeonyesha waziwazi nani mtenda na nani mtendwa, na jibu la Bi Peters, kwamba yeye halioni hivyo, lingesikika kama mwanamke anayekataa kauli ya sarufi.

Kuhusu mstari wa mwisho, hapo mtafsiri atatoka jasho. Wanawake wamekuwa wakijiuliza kama Minnie angeviunganisha vipande vya blanketi lake kwa kushonea ama kwa kupiga mafundo, na wanaume wamewacheka. Mwishoni, ndege akiwa ameshaingia mfukoni mwa Bi Hale, mwendesha mashtaka anauliza kwa kejeli wanaitaje ile njia aliyotaka kuitumia mfungwa. Bi Hale anajibu kwamba ni ya mafundo. Kwa Kiingereza, "fundo" na neno la kukanusha husikika sawa, na wahakiki wameusikia humo ukanushaji wa wanawake dhidi ya madai ya serikali. Mchezo huo wa sauti haupitiki kwetu. Hata hivyo Kiswahili kina hazina yake: fundo ni la uzi, ni la kamba shingoni, na ni lile la moyoni ambalo mtu huliweka miaka na miaka. Maana zote tatu zinajibu swali ambalo wanaume walikuja kuliuliza.

Pingamizi

Msomaji mwenye haki anaweza kuuliza: huu ni urafiki, au ni njama? Mtu ameuawa. Kuonewa hakumpi mtu ruhusa ya kuua, na wanawake wawili wameificha kweli iliyohitajika mahakamani. Pingamizi hili si jepesi, na tamthilia hailikwepi. Bi Peters mwenyewe anasisitiza kwamba sheria lazima iadhibu uhalifu. Yeye ndiye anayejaribu wa kwanza kukificha kijisanduku katika mkoba wake, kinakataa kuingia, naye anashindwa kumgusa ndege. Bi Hale anakinyakua na kukitia katika mfuko wa koti lake sekunde chache kabla wanaume hawajaingia. Hakuna mjadala unaotangulia tendo hilo, wala furaha inayolifuata.

Jibu langu linarudi kwenye historia. Juri iliyomhukumu Margaret Hossack haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuliishi jiko la shambani kama mke. Sheria ilidai kumhukumu kwa kupitia watu wa hali yake, huku ikiwafungia nje watu wa hali yake. Hadithi ya mwaka 1917 iliitwa A Jury of Her Peers, yaani juri ya wenziwe, na jina hilo linatamka wazi kile ambacho mchezo ulikionyesha. Wanawake wale wawili walipoketi jikoni ndipo kesi iliposikilizwa kwa mara ya kwanza na wenye kuielewa. Tunaweza kuikataa hukumu yao. Kulikataa lile lililoifanya ihitajike ni vigumu zaidi. Na ikumbukwe kwamba kumbukumbu za kesi hazikuthibitisha kamwe kwamba Margaret aliua. Hatia ya Minnie ni ya tamthilia, na haifai kubebeshwa mtu wa kweli.

Vilevile, urafiki huu haumwokoi Bi Hale. Kijisanduku mfukoni hakirudishi ule mwaka mzima ambao hakwenda. Minnie hatajua kilichotendeka jikoni mwake. Anachotumiwa rumande ni aproni, shali, na ile chupa moja ya cheri, pamoja na uongo mdogo wa kumpa moyo: aambiwe kwamba matunda yake yote yako salama. Katika mambo yote wanayomtendea, hilo ndilo pekee litakalomfikia.

Wenye kutunga na wenye kutafsiri wamebakiwa na kazi. Jibu la Bi Hale kwa mwendesha mashtaka ni la maneno machache tu, na linadai mshono, kamba, kinyongo na kukataa vyote kwa pamoja. Mwenye Kiswahili cha kulibeba na alijaribu.